Taka za bahari kugeuzwa picha za kupendeza: tunazinduliwa au tunaburudishwa?

Mleta mada: Wakuu, kuna msanii anaitwa Alejandro Durán. Hukusanya plastiki zinazotupwa na bahari kwenye hifadhi ya Sian Ka'an, Mexico, akazipanga kwa rangi pale pale ufukweni, kisha akapiga picha. Taka hizo ameshazitambua kuwa zimetoka nchi zaidi ya 50. Picha tamu mno, na huo utamu ndio unaonikera. Mwaka 2009 mpiga picha Chris Jordan alikwenda kisiwa cha Midway, katikati ya Pasifiki, akapiga picha makinda ya albatrosi (ndege wakubwa wa baharini) yaliyokufa. Tumboni mmejaa vifuniko vya chupa na viberiti vya gesi. Hakusogeza hata kifuniko kimoja. Ukiitazama hiyo, chakula hakipiti. Ya Durán unaweza kuitundika sebuleni na wageni wakaisifu. Mimi nasema taka isipambwe. Mnaonaje?

Mchangiaji wa 1: Mkuu, umechagua mfano unaokufaa. Kinda aliyepasuka tumbo, watu wengi watageuza uso, na aliyegeuza uso hajaona kitu. Mpiga picha Mandy Barker wa Uingereza huweka plastiki za baharini juu ya weusi mtupu. Kwa mbali unadhani ni nyota, ukisogea unakuta ni takataka. Tena mwaka 2014, mwaka wa Kombe la Dunia, alipiga picha mipira iliyookotwa baharini na ufukweni: ya soka peke yake 769, kutoka fukwe 144. Waliomwokotea ni raia 89. Hao nao walikuwa wanaburudishwa?

Mleta mada: Hao 89 nawavulia kofia. Lakini waliinama kuokota kabla picha haijakuwepo. Nauliza kuhusu wanaoitazama baadaye.

Mchangiaji wa 2 (Lamu): Salamu kutoka Lamu. Huku kuna Flipflopi, jahazi la mita 9 lililoundwa kwa plastiki tupu, ubavu umevikwa kandambili za kila rangi. Lilishushwa majini 2018, na mwaka uliofuata likatweka tanga hadi Unguja. Linapendeza kwenye picha, sikatai. Ila mafundi wetu walilazimika kuishika plastiki kama wanavyoshika mbao, na chombo kikaelea. Kwa hiyo mleta mada, pambo si kosa. Uliza tu nyuma ya pambo kuna kazi gani.

Mchangiaji wa 3 (Tanga): Wacha niwape yaliyonikuta, maana mnajadili picha za mbali. Alikuja mpiga picha, tukaitwa vijana, tukazoa tangu alfajiri. Chupa zikapangwa umbo la samaki mkubwa, zikapigwa kutoka juu kwa droni. Tukapewa soda (za chupa za plastiki, mtacheka). Jua lilipopanda wageni wakaondoka, yule samaki tukaachiwa sisi. Gari la taka halikuja. Bamvua likaingia, likamchukua samaki kipande kwa kipande.

Mchangiaji wa 1: Dah. Hiyo si sanaa, ni uchafuzi wenye kamera.

Mchangiaji wa 3 (Tanga): Na picha yenyewe nzuri kweli, ninayo kwenye simu. Mifuko ilipigwa marufuku Kenya 2017 na kwetu 2019, ukitembea ufukweni tofauti unaiona. Chupa bado zipo. Akija mpiga picha mwingine nitazoa tena, ila kwanza anionyeshe gari.