Ukoo wa Barabara ya 12: Zuhura aende Nairobi au Dar?

Mama Zuhura: Assalam alaykum ukoo. Jamani naombeni mnisaidie maana hapa nyumbani tunabishana tangu juzi. Zuhura kapata meza ya kuuzia kitabu alichochora kwenye matamasha mawili ya katuni, moja Nairobi moja Dar, yamegongana wikiendi ileile, na wote wanataka hela kabla ya Ijumaa. Mimi nasema Dar, kwa mjomba wake kuna chumba. Yeye roho yake yote iko Nairobi, hata kula hali vizuri.

Shangazi Rukia: Waalaykum salaam wifi. Zuhura mwanangu, ya Nairobi meza shingapi?

Zuhura: Shikamoo shangazi. Elfu 6 ya Kenya, kama laki na ishirini hivi ya kwetu. Ya Dar elfu 50. Lakini msiangalie meza tu jamani, Nairobi wanaingia watu maelfu, siku tatu nzima, na kitabu changu chenyewe kinamhusu Osale Otango, yule aliyesakwa na askari wa mkoloni akajificha mapango ya Amboni hapa Tanga na mwenzie Paulo Hamisi miaka ya 1950, wakati huohuo wa Mau Mau, sasa hiyo si historia ya kwao pia? Na wachoraji wetu wakitaka kupanda wanaenda wapi, Gado kazaliwa Dar 1969, 1992 akaenda Nairobi kuchora gazeti la Nation, leo nani hamjui. Naogopa nikikaa hapahapa miaka itaniishia.

Shangazi Rukia: Marahaba mama. Aah, usiseme hivyo, mtoto wa miaka 20

Mjomba Hamza: Ngoja nitoke kwenye foleni nijibu vizuri maana hili jambo linanigusa.

Yasini stationery: Zuhura samahani naingilia, ile kazi yako nimeikuta ina kurasa 26. Haiwezekani, tunapiga pini katikati kwahiyo karatasi moja ni kurasa nne, lazima igawanyike kwa nne. Au 24 au 28. Kata mbili au ongeza mbili, niambie mapema nisianze kukata karatasi.

Zuhura: Sawa kaka Yasini nakujibu leo leo. Nakala 100 bado ni 2,500 kila moja?

Yasini stationery: Ndio, ndani nyeusi na nyeupe, kava ya rangi. Ukienda 28 itabidi tuongee.

Mama Zuhura: Na pasipoti hana! Laki na nusu hiyo, mbali na nauli. Basi mpaka Mombasa, kisha treni mpaka Nairobi, kisha mahali pa kulala. Nimepiga hesabu kwenye daftari mpaka kalamu imeisha wino.

Shangazi Rukia: Kwa safari moja hivi anaweza kuchukua hati ya dharura pale Uhamiaji wifi, si lazima pasipoti. Mpaka usikutishe, mimi napita Horohoro kila msimu na machungwa ya Muheza naenda kushusha soko la Kongowea, Mombasa, na narudi salama. Vitabu mia si mzigo. Suala ni je akifika huko atauza?

Salim Mombasa: Shikamoo mama mdogo, shikamoo shangazi Rukia, shikamoo mjomba. Ndo nimeamka nlikua shifti ya usiku. Hapo kwa shangazi ndo penyewe. Mimi ile ya Nairobi nlienda mwaka jana na marafiki zangu, nawaambia nilivyoona kwa macho yangu. Imejaa kweli, foleni ya kuingia tu nlisimama saa nzima. Lakini wengi wanakuja kwa gemu na mavazi, mtu amejitengenezea ngao na upanga wa boksi, amejipaka rangi, kazi nzuri sana sitaki kuwanyima haki yao, ukumbi mzima unapiga picha nao. Wachoraji wamepangwa ukuta wa nyuma. Nlisimama kwa dada mmoja anauza kitabu chake, nlikaa pale kama dakika ishirini, watu wakapita wakapita, wanachukua stika na kadi wanaondoka. Kitabu wanafungua ukurasa wa kwanza wanarudisha. Na vitabu vingi nlivyoona pale ni vya Kiingereza, na vijana wenyewe wanaongea Sheng. Zuhura, Otango wako anaongea Kiswahili cha Tanga, "mgosi" kila mahali. Mimi nacheka nikisoma, wao sijui.

Zuhura: Kaka Salim umenikata miguu

Salim Mombasa: Sikukati nakuambia ukweli maana nakupenda. Alafu kuna kisa kimoja nataka ukijue. Marekani, mji wa Charlotte huko North Carolina, kuna tamasha linaitwa HeroesCon, lilianza 1982, mwanzilishi wake Shelton Drum ni mtu wa duka la vitabu vya katuni tu. Sasa kampuni kubwa ya Wizard ikatangaza kwamba 2006 itafanya lake Atlanta wikiendi ileile, na Atlanta mpaka Charlotte ni kama saa nne kwa gari, yani si mbali, kama wewe na Dar. Wachoraji wakaanza kujitokeza mmojammoja, wengine wenye majina makubwa, wanasema sisi tunaenda kwa Drum. Wizard wakarudi nyuma. Na haohao Wizard wakataka kurudia New York, 2010 wakapanga tarehe zilezile za New York Comic Con, mwishowe wakasogeza lao likawa wiki moja kabla. Kwa nini wachoraji walimchagua mtu wa duka? Kwa sababu kwake katuni ndo shughuli yenyewe, meza zao ziko mbele, anayekuja amekuja kuwaona wao. Hilo ndo la kuuliza, sio wangapi wanaingia, wanaingia kufuata nini.

Mjomba Hamza: Marahaba Salim, umesema vizuri sana. Nimefika nyumbani sasa. Zuhura nisikilize mwanangu. Gado unayemtaja kabla ya Nairobi alichora magazeti ya hapa Dar kwanza, hakuvuka mpaka mikono mitupu. Na kabla yake alikuwepo Christian Gregory na katuni yake ya Chakubanga kwenye gazeti la Uhuru. Mimi baba alikuwa ananituma gazeti, narudi nalo polepole nasoma Chakubanga njiani chini ya mwembe, nikifika ananiuliza mbona limekunjika. Baadaye ikaja Sani, jarida la katuni, tukawa tunaazimana darasani mpaka kava linachanika. Hawa watu walichora kwa ajili ya mtu anayesoma Kiswahili. Sasa hili tamasha la Dar nililipita mwaka jana nikawapeleka watoto. Ukumbi wa kawaida, feni mbili hazizunguki, meza kama kumi na tano tu. Lakini nilichokiona ni hiki, watoto wamekaa chini kwenye sakafu wamegawana kitabu kimoja watatu, mmoja anasoma kwa sauti wenzie wanaangalia picha, na mchoraji mwenyewe amechuchumaa pembeni yao anawasikiliza anaona wanacheka wapi. Nilisimama pale nikamkumbuka Zuhura. Nilitaka niwaambie siku ileile nikasahau, nisamehe dada.

Mama Zuhura: Umesahau kaka! Hilo ndo la kuniambia kabla sijaumwa kichwa

Zuhura: Mjomba watu walikuwa wengi?

Mjomba Hamza: Mia mbili, mia tatu, sikuhesabu. Kwani kubwa lilizaliwa kubwa? We mwenyewe ndo ulinieleza lile tamasha la katuni la San Diego, Marekani.

Zuhura: Ndio, 1970 walianza na siku moja tu kwenye hoteli, watu kama mia. Leo wanapita laki na thelathini.

Lakini niwaambie kitu ambacho sikumwambia hata mama. Ile shughuli niliyoenda mwaka jana na kitabu cha kwanza, waliniweka pembeni ya spika. Siku nzima mtu akiniuliza kitabu kinahusu nini nampigia kelele hasikii, anaondoka. Niliuza vinne. Nilirudi stendi ya Kange usiku na boksi langu nikamwambia mama nimeuza vizuri. Ndo maana natamani pakubwa, nilidhani tatizo lilikuwa padogo.

Mama Zuhura: Zuhura mwanangu. Ungeniambia.

Shangazi Rukia: Tatizo ilikuwa spika mwanangu sio ukubwa. Piga simu Dar sa hivi uwaulize meza yako iko wapi na muziki uko wapi. Usilipe kabla hujaambiwa. Mimi Kongowea silipi nafasi bila kwenda kuona kwanza jua linapiga upande gani, machungwa yakioza ni yangu.

*(baada ya saa moja)*

Zuhura: Nimeongea nao. Dada mmoja kapokea anaongea taratibu, hakuna jukwaa la muziki kabisa, kuna kona ya kusoma yenye mikeka na meza zinazunguka hiyo kona. Kaniuliza kitabu changu cha umri gani, ni lugha gani, kina kurasa ngapi. Nairobi walinitumia fomu tu, haina swali hata moja la kitabu, inauliza nitatumia umeme kiasi gani. Naenda Dar.

Mama Zuhura: Alhamdulillah

Salim Mombasa: Safi dada. Alafu nakala 20 mpe shangazi akija na machungwa mimi nazipokea Mombasa. Huku Mji wa Kale na Likoni Kiswahili chako kitasomwa bila shida, nawajua walimu wawili watachukua. Nairobi utaenda mwaka kesho kama mgeni kwanza, utembee uone, utalala kwa rafiki zangu.

Shangazi Rukia: Nitaziweka juu ya magunia, ndani ya nailoni. Hazitalowa.

Mama Zuhura: Bibi yuko hapa anasomewa hizi meseji zote. Nimempa kile kitabu cha mfano kakishika karibu na dirisha anafungua kurasa na kidole kakilowesha. Anasema mapango kayachora vizuri, hata popo wameninginia sawasawa. Lakini ukurasa wa 7, yule mwanamke wa shamba la mkonge anayewapelekea kina Otango uji, kavishwa kanga ya maua mapya kabisa. Bibi anasema kibarua wa mkonge wakati ule alivaa kaniki, nyeusi, imepauka mabegani kwa jua na kubeba, na pindo limechanwachanwa na miiba ya mkonge. Anasema mama yake alikuwa nayo hiyohiyo moja.

Zuhura: Bibi shikamoo!! Mwambie nakuja jioni anionyeshe ilivyofungwa, mbele au begani

Mama Zuhura: Anasema marahaba, uje na karatasi. Imefungwa chini ya kwapa, kwa sababu mtoto yuko mgongoni.

Zuhura: Mtoto mgongoni sikumchora kabisa. Kaka Yasini usikate karatasi. Nafanya 28.