"Pesa ya madafu" ni ya mteremko, au ni shilingi yetu tu?

Mwana Ngamiani: Wadau, jana kijiweni Barabara ya 8 dalali kapata chake kwa simu mbili tu. Mwenziwe: "Umeokota pesa ya madafu!" Nikasema siyo, pesa ya madafu ni shilingi ya Bongo ukiipima na dola. Nikazomewa. Kosa langu liko wapi?

Shemeji wa Pangani: Wamekuonea. Mwenzio analipwa dola, wewe unalipwa madafu. Urahisi uko wapi hapo? Cha mteremko kiiteni mteremko.

Bi Chumbageni: Lugha inatembea jamani. Dafu hulipalilii, linaning'inia tu, unaangua unakunywa. Vijana wameliona hivyo.

Mtoto wa Mkwezi: "Unaangua"? Nani anaangua? Baba yangu kakwea Mwambani mpaka kifua kimeota sugu. Vidato alivyokata kwenye minazi ni vingi kuliko ulivyosoma wewe.

Bi Chumbageni: Mwanangu, adabu. Nimesema vijana. Na nimefika cha sita.

Shemeji wa Pangani: Vidato 😂😂 hii naiba.

Dalali Mstaafu: Na simu mbili mmezihesabu, soli tulizomaliza je?

Mtu wa Kaole: Watu wa Tanga mnabishania madafu, mnayajua? Juzi stendi yenu nimeuziwa koroma naambiwa dafu. Nyama ngumu kama kandambili.

Shemeji wa Pangani: Hukulitikisa. Dafu limejaa, halisemi. Ukisikia maji yanacheza ndani, hilo linakwenda kwenye nazi. Bagamoyo hamfundishwi?

Mtu wa Kaole: Tunafundishwa: kidaka, dafu, koroma, nazi.

Bi Chumbageni: Na kitale, kinachotangulia dafu, umekiacha kwa nani?

Mtu wa Kaole: Kitale na dafu si kitu kimoja?

Shemeji wa Pangani: Aibu naona mimi.

Mwana Ngamiani: Jamani, shilingi yangu! Ilipoanza 1966 dola moja ilikuwa shilingi 7 na senti. Leo inapita 2,000. Ndiyo ikaitwa ya madafu, haina uzito.

Mtoto wa Mkwezi: Haina uzito? Beba tenga la madafu toka Mwambani mpaka sokoni, kisha urudi hapa.

Mwana Ngamiani: Kaka, naongelea shilingi.

Mtoto wa Mkwezi: Na mimi naongelea mgongo wa mzee. Bi Chumbageni, shikamoo, nilipandisha.

Bi Chumbageni: Marahaba. Mzee bado anakwea? Nina minazi 4 hapa, wakwezi wa siku hizi wananitajia bei kama wanapanda ndege.