Treni inakatiza Kahnawà:ke bila kufungua mlango: tupendekeze kituo, au si letu?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naomba tulijadili hili kwa utulivu, maana nimekaa nalo muda mrefu.

Kila siku ya kazi napanda treni ya Candiac nikitokea Saint-Constant kwenda katikati ya Montréal, huku Kanada. Kwa wasioijua: inaanzia Candiac, inasimama Delson, Saint-Constant na Sainte-Catherine, kisha inavuka Mto Saint-Laurent na kuendelea LaSalle, Du Canal, Montréal-Ouest, Vendôme hadi Lucien-L'Allier. Baina ya Sainte-Catherine na LaSalle, kabla ya daraja, inakatiza Kahnawà:ke, ardhi ya Wamohawk, wenyeji asilia wa huku, au kama wanavyojiita wenyewe, Kanien'kehá:ka. Hapo hakuna kituo. Wakazi wapatao elfu nane wanaisikia treni inapiga honi na kupita.

Asubuhi moja tulisimama pale. Sehemu ya daraja inayonyanyuka ilikuwa juu, meli inapita kwenye mfereji chini. Dirishani kwangu, kama hatua thelathini hivi, kulikuwa na mzee ameshika kamba ya mbwa, anatungoja tuondoke. Tulitazamana. Nilimpungia mkono, naye akaninyooshea wake. Tulikaa vile dakika kadhaa, behewa limejaa watu wanaokwenda kazini na nafasi za kukaa bado zipo, halafu daraja likashuka tukaondoka. Kumbe treni husimama Kahnawà:ke. Kinachokosekana ni kufunguliwa mlango.

Reli yenyewe ilifikaje pale? Kampuni ya reli ya Canadian Pacific ilitaka kuvuka mto miaka ya 1880, na upande wa kusini daraja lilipaswa kukanyaga ardhi yao. Vijana wa Kahnawà:ke wakaajiriwa kwenye ujenzi huo, na hapo ndipo ilipoanza ile sifa yao ya kupanda vyuma virefu. Tarehe 29 Agosti 1907 Daraja la Québec lilipoporomoka likijengwa, walikufa watu wapatao 75, na 33 kati yao walitoka kijiji hiki kimoja. Watu waliojenga njia za wengine kwa gharama hiyo hawana hata jukwaa la kupandia treni inayopita mlangoni kwao.

Basi pendekezo langu ni hili: sisi abiria wa njia hii tuandike barua kwa exo, wanaoendesha treni, na kwa ARTM, wanaopanga usafiri wa jiji zima, tuombe kituo Kahnawà:ke. Mnaonaje?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, nia yako naiheshimu, ila nakupinga.

Kwanza, reli si ya exo. Ni ya kampuni ya mizigo, CPKC kwa jina la sasa, na treni yetu inapita kwa makubaliano nao. Kila kituo kinachoongezwa ni dakika zinazoongezeka, na dakika hizo lazima zipatikane katikati ya treni za mizigo na daraja linalonyanyuliwa kwa ajili ya meli. Watu wa Candiac na Delson tayari wanalalamika kuwa safari ni chache. Jumamosi na Jumapili hakuna treni kabisa.

Pili, Sainte-Catherine iko mpakani kabisa mwa Kahnawà:ke. Mwenye gari anafika kituoni kwa muda mfupi. Je, ni busara kujenga kituo kingine hatua chache kutoka kilichopo? Mimi fedha hizo ningeziweka kwenye safari za jioni na za mwisho wa wiki, ambazo zingemfaa kila mtu, Mmohawk akiwemo.

Tatu, vituo hivi hulipiwa kwa sehemu na michango ya manispaa. Kahnawà:ke si manispaa ya Québec. Ina Baraza lake, ina polisi wake, na inashughulika na serikali kuu ya Kanada. Nani atalipa? Naomba hoja ijibiwe kwa hesabu, tusiishie kwenye huruma.

Mchangiaji wa pili

Kaka mleta mada, na wewe kaka uliyefuata, nyote wawili mmeongea vizuri, lakini nyote wawili mmeruka jambo lilelile. Nani amewauliza wenyewe?

Nimefanya kazi ya kuhudumia wazee upande huu wa mto kwa miaka, na baadhi ya niliokaa nao ni watu wa Kahnawà:ke. Niwaambie nilichojifunza kwa kusikiliza. Jina la mahali pale lina maana ya penye maporomoko ya maji. Ni watu wa mto. Miaka ya 1950 ukachimbwa mfereji wa meli, huohuo uliokusimamisha asubuhi ile. Zilichukuliwa ekari zaidi ya 1,200, nyumba zikaondolewa, na kijiji kikatengwa na mto wake. Bibi mmoja alinieleza alivyokuwa akiteremka majini nyuma ya nyumba yao akiwa mtoto. Alikuwa ananionyesha kwa mkono, "hapa mlango, hapa mteremko, hapa maji," juu ya shuka la kitanda, kama vile bado anayaona. Nilikuwa nimeshika sahani ya chakula, na sikuthubutu kumkatiza.

Kabla ya mfereji lilikuja Daraja la Mercier, lile la magari, mwaka 1934. Kabla ya hapo reli. Kila mara walikuja watu wa nje wakiwa na ramani na maneno mazuri ya maendeleo. Leo tunakuja sisi, wageni juu ya wageni, na barua ya kuwaombea kituo? Hata kama ni zawadi, zawadi inayoletwa kwako bila kubisha hodi inakuja na miguu yenye matope.

Na kituo si jukwaa na kibanda tu. Kituo cha vitongojini ni maegesho. Asubuhi wangeingia watu wa Châteauguay na kwingineko kuacha magari yao pale, kwenye ardhi ambayo tayari imemegwa imebaki kidogo. Wakaguzi wa tiketi wa exo wangekuwa na mamlaka gani pale jukwaani, wakati polisi wa Kahnawà:ke ndio wenye eneo? Maandishi yangekuwa ya lugha gani? Kahnawà:ke walipinga waziwazi sheria ya Québec ya kulinda Kifaransa ya mwaka 2022, ile inayoitwa ya 96, kwa sababu wanapigania lugha yao, Kanien'kéha, isife. Bango la kituo pale si jambo dogo.

Mchangiaji wa tatu

Naunga mkono kituo, na nitajibu hoja ya fedha na mamlaka kwa mifano.

Jimbo la New Mexico, Marekani, kuna treni ya abiria inayoitwa Rail Runner, inayopita Albuquerque na Santa Fe. Ilianza mwaka 2006, na njia yake inakatiza ardhi za Wapueblo, wenyeji asilia wa huko. Miaka michache baadaye vikafunguliwa vituo Kewa na Isleta, kwenye ardhi zao wenyewe. Kwa hiyo kusema kwamba jamii yenye serikali yake haiwezi kuwa na kituo cha treni ya mjini si kweli. Limefanyika.

Wala hatuhitaji kwenda mbali. Hapahapa Québec, kaskazini, kuna reli ya Tshiuetin inayokwenda Schefferville. Tangu mwaka 2005 inamilikiwa na kuendeshwa na jamii tatu za wenyeji asilia, mbili za Wainnu na moja ya Wanaskapi. Wanamiliki reli nzima. Kituo kimoja kitawashinda nini watu wa Kahnawà:ke wakikitaka?

Na kaka wa kwanza, umesema Sainte-Catherine ni karibu kwa mwenye gari. Asiye na gari je? Fikiria mzee mwenye miadi ya daktari. Vendôme ukishuka, hospitali kubwa ya Chuo Kikuu cha McGill iko hapohapo kituoni. Fikiria kijana anayesoma Concordia, ambayo iko jirani na Lucien-L'Allier. Leo hao wote wanategemea Daraja la Mercier, na foleni ya Mercier kila mmoja wetu anaijua. Ninyi mnahesabu dakika mbili za abiria wa Candiac. Hesabuni pia saa za huyo mzee.

Mchangiaji wa nne

Mimi nauliza kwa nia njema. Februari 2020 njia hii ilifungwa Kahnawà:ke kwa wiki kadhaa, na sisi abiria tulihangaika kwenye baridi. Tukijenga kituo pale, si tunajifunga zaidi?

Mchangiaji wa pili

Mdogo wangu, ile ilikuwa kuwaunga mkono Wawet'suwet'en, wenyeji asilia wa British Columbia, waliopinga bomba la gesi kupita kwao. Uchungu wako wa baridi naujua, nami nilichelewa zamu. Lakini angalia vizuri: reli ilifungika bila kituo. Njia inapita kwao, basi uwezo wa kuifunga wanao tayari, kituo kiwepo kisiwepo.

Na kama tunakumbuka vizuizi, tukumbuke na upande wa pili. Mwaka 1990, wakati wa mgogoro wa Oka, ule wa ardhi kati ya Wamohawk na serikali, Daraja la Mercier lilifungwa. Tarehe 28 Agosti msafara wa magari ulitoka Kahnawà:ke, wengi ndani yake wakiwa wazee, akina mama na watoto, wanaondoka kwa kuhofia jeshi. Ng'ambo ya daraja, LaSalle, kundi la watu lilikuwa linawasubiri na mawe. Vioo vilivunjwa juu ya watoto. Waliokuwa watoto siku ile leo ni watu wazima wenye familia. Treni inayotoka Kahnawà:ke ikivuka mto, kituo chake cha kwanza ni LaSalle. Mnapochora njia kwenye karatasi, mjue wapo watakaoisoma kwa macho hayo.

Mchangiaji wa kwanza

Dada, hilo la 1990 sikulijua kwa undani huo. Asante. Msimamo wangu juu ya gharama haujabadilika, lakini nakubali kwamba nilizungumza kana kwamba ni suala la dakika peke yake.

Hata hivyo niseme moja. Ukisema tusipendekeze chochote mpaka waombe, matokeo yake ni yaleyale: treni inaendelea kupita. Ukimya wetu nao unawafaa wanaotaka mambo yabaki yalivyo.

Mleta mada

Nimesoma yote mara mbili, mara ya pili ndani ya treni yenyewe. Dada, umenirekebisha na nimekubali. Barua niliyoifikiria ilikuwa na kosa la anwani. Nilitaka kuwaandikia exo na ARTM, nikawasahau wenye ardhi.

Lakini siondoi hoja, kwa sababu kuna jambo ambalo hakuna aliyeligusa. Mwaka 1680 iliwekwa Seigneurie (eneo la ardhi lililotolewa na mfalme wa Ufaransa) ya Sault-Saint-Louis kwa ajili ya Wairoquois, kundi la mataifa lenye Wamohawk ndani yake, waliohamia pale, ekari kama 40,000. Leo Kahnawà:ke wamebaki na takriban theluthi. Sehemu kubwa ya ile iliyowatoka imekuwa miji. Miji gani? Sainte-Catherine, Saint-Constant, Delson. Hebu isome tena orodha ya vituo vya treni yetu. Madai yao juu ya ardhi hiyo yapo mezani na serikali kuu ya Kanada. Mimi kila asubuhi napandia treni juu ya ardhi inayodaiwa, kwenye kituo chenye maegesho na mashine ya tiketi, halafu napita mbele ya wanaoidai. Kwa hiyo, kaka, ukiniuliza kwa nini wao wahudumiwe na mfuko ambao hawachangii, nakujibu kwamba vituo vitatu tunavyovitumia sisi vimekaa juu ya mchango ambao haujalipwa.

Pendekezo langu sasa liko hivi. Tusiombe kituo. Tuiandikie exo na ARTM kwamba sisi abiria wa njia hii hatuna kinyongo na dakika mbili, na kwamba Kahnawà:ke wakitaka kuchunguza suala la kituo, fedha za uchunguzi wapewe wao waziendeshe wao: mahali pa kituo, jina na lugha ya bango, nani analinda jukwaa, na kama pawe na maegesho au pasiwe. Nakala twende nayo wenyewe kwenye ofisi za Baraza la Wamohawk, kwa miguu yetu, tubishe hodi. Wakisema hapana, iwe hapana.

Mchangiaji wa tatu

Mkuu, hilo la fedha za uchunguzi ni zuri, ila weka na ratiba ndani. Ratiba inayolenga zaidi saa za kazi, upande mmoja asubuhi na mwingine jioni, haimsaidii mgonjwa anayemaliza kwa daktari saa tano. Hapo hata kaka wa kwanza atakuwa nawe, maana na yeye anadai safari zaidi.

Mchangiaji wa kwanza

Kwenye ratiba nasaini. Kwenye kituo bado nataka kuona hesabu, lakini uchunguzi ukiwa mikononi mwao nitausoma.

Mchangiaji wa pili

Kaka, sasa tunaelewana. Nina masharti mawili tu. Msiende kwa Baraza peke yake. Kahnawà:ke kuna pia Nyumba Ndefu, uongozi wa kimila, na si kila mtu pale anaona Baraza lililoundwa chini ya sheria ya Kanada ndilo linalomsemea. Kumpita mmoja kwa kumuendea mwingine ni kuanza vibaya. Na mkienda, msiende na mchoro wa kituo. Nendeni na barua ya ukurasa mmoja na mikono mitupu.

Niko huru Alhamisi. Nitakuja, ila si kwa treni, maana haishushi. Tukutane Sainte-Catherine kituoni, twende kwa gari langu.