Nimepigwa picha nikiwa kaunta, imefika mpaka kwa mama Tanga. Niache kazi au nikaze?

MtotoWaChumbageni
Wakuu heshima kwenu. Niko New Jersey mwaka wa sita sasa. Wa zamani kidogo mnaweza kunikumbuka, nilicheza tamthilia moja huko nyumbani, siitaji, nilikuwa yule mdogo wake bwana harusi aliyekula hela za michango. Huku ni keshia supamaketi, shifti ya saa nane mchana mpaka saa nne usiku, asubuhi naiacha wazi maana bado nahangaika na usaili wa matangazo na maigizo madogo ya jukwaani.

Jumamosi kaja dada wa kwetu, kanunua viazi na maziwa, kaniangalia weee, akasema "si wewe yule mwizi wa michango?" Tukacheka, nikampa risiti, kaondoka. Simu sikuiona kabisa. Jumatatu naamka nakuta picha yangu kwenye magrupu manne, nimeinama natafuta namba ya tangawizi kwenye mashine, beji ya jina inasomeka, chini wameandika "ustaa umeishia kwenye boksi". Mama nilimwambia nafanya kazi ofisini, hapo kosa ni langu nakubali. Kanipigia saa tisa usiku ya huku, ya picha hajasema, kaniuliza tu kama nakula vizuri. Nililia wakuu.

Sasa nawaza niache kazi, au nijirekodi video niwajibu. Nishaurini.

KamandaWaUsiku
Acha mkuu. Hamia hata kwenye maghala, unabeba boksi zako usiku hakuna anayekuona. Kaunta ni kujianika.

BiMwanaMaryland
Wewe kamanda usimpoteze mtoto wa watu. Mdogo wangu, yaliyokukuta yalishamkuta mtu hapo hapo New Jersey, mji wa Clifton, mwaka 2018. Geoffrey Owens, kama uliangalia The Cosby Show, ile tamthilia ya vichekesho ya Marekani, basi ni yule Elvin, mume wa Sondra. Mteja kampiga picha akiwa kaunta ya supamaketi ya Trader Joe's na beji yake kifuani, picha ikaenda gazeti la Daily Mail, Fox News nao wakaibeba, kosa la mzee wa watu eti ni kufanya kazi. Na huyo siyo kwamba alikosa pa kutokea, kasoma chuo kikuu cha Yale, baba yake Major Owens alikuwa mbunge wa Brooklyn kule Congress toka 1983 mpaka 2007. Alikuwa na miaka 57, anafundisha uigizaji, anaongoza michezo ya jukwaani, ila bili hazijui hayo.

Halafu watu wanadhani ukicheza tamthilia kubwa basi umeshiba maisha. Ile ilikwisha 1992. Kilichobaki ni vile vijisenti wanavyolipwa waigizaji kila kipindi kikirudiwa, navyo Bill Cosby, mwenye tamthilia yake, alipotuhumiwa kudhalilisha wanawake kingono vituo vikaacha kurudia, na Owens mwenyewe alisema pengo alilisikia mfukoni. Kosa la mwingine analipa yeye.

Sasa alifanyaje? Siku chache baadaye kaenda kwenye kipindi cha TV cha Good Morning America, kakaa kwenye kiti na kofia ya Yale kichwani na ile ile beji ya dukani kifuani. Mie hiyo beji ndiyo iliyonimaliza.

Kiroboto_1
Bi Mwana umesimulia vizuri ila umeruka kipande. Jamaa kazi aliiacha! Alikaa pale kama miezi 15, aliichagua sababu ratiba yake ilimruhusu kwenda kwenye usaili, kelele zilipozidi ikabidi aondoke. Kwa hiyo waliompiga picha walimkosesha kazi kweli, tusijifanye mwisho ulikuwa mtamu tu. Na yeye alipata bahati, mwigizaji Terry Crews kasema alifagia sakafu baada ya kucheza NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani, na angefagia tena, waigizaji kibao wakaanza kutaja vibarua vyao, mtayarishaji Tyler Perry kampa nafasi kwenye tamthilia yake ya The Haves and the Have Nots, rapa Nicki Minaj katoa dola 25,000. Wewe Tyler Perry wako yuko wapi?

BiMwanaMaryland
Sikubishii Kiroboto. Lakini zile hela za Nicki, Owens alizipeleka kwenye mfuko wa kusaidia wasanii, hakula. Na kwenye TV alisema wazi hataki apewe kazi ya kuigiza kwa kuonewa huruma, ila wakimwita kwenye usaili ataenda. Nani kati yetu angesema hivyo mbele ya kamera wakati hana kazi?

FundiBombaJersey
Mimi naongea ya chini chini. Moja, video usirekodi ukiwa na nguo ya kazi, kuna maduka yanakufukuza kwa hilo. Mwambie meneja wako leo kuwa kuna mteja kakupiga picha bila ruhusa. Bima ya afya unapata hapo? Kama unapata na unaacha kwa sababu ya grupu la WhatsApp basi wewe ndo mwizi wa michango kweli 😂

KamandaWaUsiku
Haya nimeelewa, nafuta kauli. Ila mama ungemwambia ukweli toka mwanzo.

MtotoWaChumbageni
Asanteni wote, hata wewe kamanda. Meneja nimemwambia, kacheka kwanza halafu kaniuliza hiyo tamthilia anaipata wapi. Video nimeachana nayo. Mama nimempigia jana nikamweleza yote, kauntani nafanya nini, shifti, usaili. Kanyamaza. Halafu kaniuliza ile pichani nilikuwa nimeshika nini, nikamwambia tangawizi, akauliza huko mnauzaje. Nilipomtajia bei kaguna, "haaa, tangawizi hii hii?" Imekuwa mjadala wa nusu saa, mpaka jirani kaitwa aje asikie.

Saa nane naingia kazini.