Logidramu kwenye Bongo Fleva mpya: kwa nini maneno hayasikiki?

SikioLaTatu:

Wakuu, salaam. Karibu kila ngoma mpya ya Bongo Fleva siku hizi ina ile besi ya amapiano, muziki wa dansi wa Afrika Kusini, inayogonga kama gogo lenye uwazi ndani, logidramu. Sina ugomvi na amapiano. Ila za Afrika Kusini ukizipiga kwenye simu, kwenye bajaji au kwenye spika kubwa ya sherehe, zinasimama. Zetu nyingi kwenye simu ni nyepesi kama karatasi, na kwenye spika kubwa besi inammeza mwimbaji. Ubeti wa pili huuelewi mpaka utafute maneno yalikoandikwa, na hapa tunazungumzia waimbaji wenye sauti za uhakika.

Je, kosa liko kwenye biti, kwenye miksi au kwenye uandishi? Wapo wanaosema dawa ni kurudi kwenye zouk na rhumba za miaka ya 2000. Sikubaliani nao. "Water" ya Tyla, ya mwaka 2023, ni pop fupi iliyochanganya amapiano na R&B, kila neno linasikika, na mwaka 2024 ikachukua Grammy ya kwanza kabisa ya kipengele cha muziki wa Kiafrika. Kwa hiyo inawezekana. Naomba majibu ya kifundi, ushabiki wa timu tuuache nje.

Fundi Mitambo:

Mkuu, nianze na simu, maana huko ndiko wengi wanakosikilizia.

Noti za logidramu zinakaa chini sana. Fa ya chini ni kama Hz 44 (mitetemo 44 kwa sekunde), la ni Hz 55. Spika ya simu haitoi kitu cha maana chini ya Hz 200 hivi, kwa hiyo besi yote inapotea, unabaki na mwimbaji, kayamba na kinanda. Ngoma za Kusini zinapona kwa sababu logidramu yao imekwaruzwa kidogo makusudi ili itoe na sauti za juu yake. Ile ya Hz 55 inazaa 110, 165, 220, 275 na kuendelea. Sikio likizipata hizo za juu linajazia lenyewe noti ya chini ambayo spika haikuitoa.

Kulifanya ni hivi: nakili mkondo wa logidramu. Kwenye nakala kata kila kitu chini ya Hz 150, ipitishe kwenye distosheni mpaka iwe na mkwaruzo, kisha iingize ikiwa chini ya ile ya asili kwa desibeli 10 hadi 12. Ukiwa unaisikia nakala waziwazi, umezidisha. Ile ya asili iwe mono kabisa, yaani ileile kushoto na kulia, chini ya Hz 120. Wanaoitanua besi kushoto na kulia ili ijae kwenye hedifoni ndio wanaoiua kwenye spika moja, kwa sababu pande mbili zikijumlishwa zinafutana.

Kosa la pili linaniudhi zaidi kwa sababu linamchafulia mwimbaji jina. Sampuli imetoka kwenye pakiti ikiwa imetuniwa do, wimbo uko kwenye fa, na ule mtelezo wa noti unaishia nusu toni juu au chini ya mahali pake. Msikilizaji anadhani mwimbaji ndiye aliyetoka nje ya tuni. Halafu mwimbaji anarundikiwa ototyuni, programu ya kunyoosha tuni ya sauti, kutibu ugonjwa usio wake. Tuni noti pale mtelezo unapoishia, usitazame unapoanzia, na jaribu urefu wa mtelezo kati ya milisekunde 60 na 100. Ukizidi hapo, noti inayofuata inaanza ya kwanza ikiwa bado haijatulia.

Kuhusu kumezwa kwa mwimbaji: ule mlio wa "tok" mwanzoni mwa kila pigo unakaa kati ya Hz 250 na 500, palepale penye mwili wa sauti ya mwanaume. Punguza desibeli 2 au 3 za logidramu kwenye Hz 350 hivi, na upunguzaji huo ufanye kazi pale tu sauti inapoingia. Ukikata moja kwa moja wimbo mzima, biti inapoteza ule ugogo wake. Kayamba nayo iangaliwe: inakaa juu ambako s, sh na ch za Kiswahili zinakaa. Kayamba ikiwa juu mno, "nishike" na "nifike" zinakuwa neno moja.

Masta, ile hatua ya mwisho baada ya miksi, sisemi sana. Watu wanasukuma mpaka LUFS -6 (kipimo cha ukubwa wa sauti; ikikaribia sifuri ndivyo kelele inavyozidi) ili ngoma yao iwe na kelele kuliko ya mwenzao, kisha YouTube na Spotify zinaishusha hadi karibu -14. Nguvu imeondoka, mbano umebaki. LUFS -9 inatosha kabisa, na kilele kisivuke desibeli -1.

MizaniNaVina:

Fundi amesema kweli, lakini unaweza kufanya yote hayo na maneno yasieleweke bado, kwa sababu yamekaa vibaya juu ya mapigo.

Kiswahili kinaweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho: na-ku-PE-nda, mo-YO-ni, u-si-ni-A-che. Msikilizaji anatumia mkazo huo kujua neno limeishia wapi. Sasa mwimbaji anafuata pigo la logidramu na kuangusha silabi ya mwisho juu yake, anaimba "nakupenDA", "moyoNI". Sikio linangoja silabi moja zaidi, haiji, na neno linalofuata limeshaanza. Kuna hata maneno yanayobadilika maana: "barabara" yenye mkazo kwenye "ba" ya pili ni njia ya magari, mkazo ukirudi kwenye "ra" ya kwanza maana yake inakuwa "sawasawa".

Linaloniuma ni kwamba amapiano na Kiswahili vilitakiwa kupatana. Kizulu, ambacho kimejaa kwenye nyimbo hizo, kinarefusha silabi ya pili kutoka mwisho wa kifungu. Lugha zote mbili ni za Kibantu, silabi nyingi zinaishia kwa irabu. Wenzetu wanaacha silabi ile ndefu ikae juu ya pigo, ya mwisho inadondoka kwenye nafasi tupu. Sisi tulichukua biti kutoka Kusini na mtindo wa kukata maneno kutoka kwingine.

Kiitikio cha "Komasava" ya Diamond Platnumz, ya mwaka 2024 akiwa na Khalil Harisson na Chley, kinaonyesha jambo lilivyo rahisi likifanywa sawa. Salamu ya Kifaransa imegeuzwa kuwa silabi nne za Kiswahili, ko-ma-SA-va, kila moja na irabu yake, mkazo mahali pake. Mtoto anaidaka kwa mara ya kwanza.

Halafu kuna hesabu. Kwenye kasi ya mapigo 112 kwa dakika, pigo moja ni kama sekunde 0.54, na kipimo cha mapigo manne ni sekunde 2.14. Ukigawa kila pigo mara nne una nafasi 16. Mshororo wa shairi la kawaida una mizani 16, vipande viwili vya nane. Ukiubana wote kwenye kipimo kimoja umejaza kila nafasi, hakuna pumzi na hakuna mahali logidramu itajibu. Weka kipande cha mizani nane kwenye kipimo kimoja, cha pili kwenye kinachofuata. Nafasi nane zinabaki wazi katika kila kipimo, na hapo ndipo gogo linapotakiwa kugonga, katikati ya maneno badala ya juu yake. Waandishi wa taarab wanajua kuacha mahali pa fidla kujibu. Ni ustadi uleule.

Mdundo wa Manzese:

Naungana na Mizani, ila mimi lawama naiweka kwenye mpangilio wa wimbo. Amapiano ilizaliwa kwenye vitongoji vya Gauteng, Afrika Kusini, ikiwa muziki wa dakika sita, saba. Logidramu inakaa nje kwa muda mrefu, kinanda kinatembea, kayamba inachemka taratibu, ndipo gogo linaingia na watu wanapiga kelele. Utamu wake ni kusubiri. Bongo tumechukua mlo wa saa moja tukaubana kwenye dakika mbili na nusu, na gogo linagonga tangu sekunde ya tano. Kitu kilichopo muda wote hakiwezi kuingia.

Kwa kasi ileile ya 112, mpangilio huu unafanya kazi: utangulizi vipimo 4, kiitikio 8 kikiwa na kinanda na kayamba tu, ubeti wa kwanza 16 na logidramu iingie kwa mara ya kwanza kwenye cha 9, kiitikio 8, ubeti mfupi 8 bila gogo, kisha vipimo 16 vya gogo na miito mifupi ya sauti, kiitikio 8, mwisho 4. Jumla vipimo 72, dakika 2 na sekunde 34. Redio wanaridhika, na mchezaji amepata sekunde 34 zake za gogo.

Na tuseme wazi: tuna singeli. Kasi yake ni mapigo 200 hadi 300 kwa dakika, imetoka Manzese na Tandale, na MC wake wanatema Kiswahili kwa mwendo huo na bado kinaeleweka, kwa sababu besi yao ni fupi na kavu, haining'inii juu ya neno. Prodyuza wa Bongo Fleva anayetaka kujifunza kumpa mwimbaji nafasi aanzie huko, kabla hajapakua pakiti nyingine ya sampuli.

Mama wa Sinema:

Naongeza la filamu, maana ni ugonjwa uleule. Tamthilia na filamu zetu mpya zinaweka ngoma nzima, yenye maneno, chini ya mazungumzo ya wahusika. Sauti mbili za Kiswahili zinagombea sikio moja. Hata ukishusha wimbo desibeli 20, ubongo unaendelea kuwinda maneno yake. Ombeni toleo la ala tupu mkataba unaposainiwa, na kama kuna logidramu kata chini ya Hz 80 pale mtu anapoongea. Kwa wanaolenga Netflix, wao wanapima sauti ya mazungumzo yenyewe, LKFS -27 (kipimo kilekile cha LUFS kwa jina jingine) kwa nafasi ya 2 juu au chini. Muziki unapangwa kuzunguka mazungumzo hayo.

SikioLaTatu:

Asanteni sana, nimepata zaidi ya nilichoomba. Swali la nyongeza kwa Fundi: kama wimbo umesharekodiwa na mwimbaji hapatikani kurudia, kipi kinaokoleka?

Fundi Mitambo:

Kinaokoleka kingi. Usimguse mwimbaji, sogeza gogo. Weka sauti peke yake, sikiliza mkazo uko wapi, kisha futa kila pigo la logidramu lililokaa juu ya silabi ya mwisho ya neno. Kwa kawaida ni mapigo mawili au matatu kwenye kila vipimo vinne, na biti haitakosa kitu. Mkazo uliowahi au kuchelewa kidogo, sogeza silabi hiyo kwa milisekunde 30 hadi 40, zaidi ya hapo pumzi yake inasikika imekatwa. Ototyuni iondoe yote kwanza, tuni logidramu, ndipo uangalie kama bado unaihitaji. Mkazo ulioimbwa kwenye silabi isiyo yake kabisa hauponi kwa mashine, mstari huo ukate au weka kiitikio mahali pake.

Miksi ikiisha ipige kwenye simu ya bei ndogo, sauti nusu, ikiwa juu ya meza, dirisha wazi. Mpe mtu ambaye hajawahi kuusikia wimbo aandike ubeti wa pili. Asipouandika wote, rudi kwenye gogo.