Ulinganisho: Mfalme Arthur aliyesimuliwa upya, nianze na White, Stewart, Bradley au Cornwell?

Msomaji wa Usiku (mleta mada)
Habari zenu wakuu. Nimemaliza Malory, ile *Le Morte d'Arthur* iliyopigwa chapa na William Caxton mwaka 1485. Sasa nataka riwaya za karne ya 20 zilizoisimulia upya ngano hiyohiyo. Ninazo nne kwenye orodha: *The Once and Future King* ya T. H. White (1958), *The Crystal Cave* ya Mary Stewart (1970), *The Mists of Avalon* ya Marion Zimmer Bradley (1983) na *The Winter King* ya Bernard Cornwell (1995). Hela iliyopo inatosha kitabu kimoja. Msiniambie vyote ni vizuri, nataka kujua kila mwandishi ameifanya nini ngano yenyewe.

Bint Hamisi
Kwa kuwa unatoka kwa Malory, chukua White. Kati ya hao wanne, ndiye anayejibizana na Malory ana kwa ana. Arthur anaanza kama mtoto anayeitwa Wart, na mchawi Merlyn anamgeuza samaki, ndege na wanyama wengine ili ajifunze namna mbalimbali za kutawala. Akiwa samaki anakutana na samaki mkubwa mla wenzake anayemwambia kwamba duniani hakuna haki ila nguvu. Maisha yake yote ya ufalme ni kutafuta jibu la maneno hayo. Anaunda Meza ya Mviringo ili nguvu iitumikie haki, nayo inageuka mashindano ya ubabe. Anawatuma mashujaa wake kuitafuta Grail, kile kikombe kitakatifu, na walio bora hawarudi. Mwisho anaikimbilia sheria, na sheria hiyohiyo inamtaka amhukumu mkewe na rafiki yake Lancelot kwa mapenzi yao ya siri. Sehemu ya kwanza ilitoka 1938, Ulaya ikielekea vitani, na hofu ile imo ndani ya kitabu. Mimi sijasoma riwaya nyingine ya Arthur inayouma hivyo.

Kiboko ya Riwaya
Naomba nitofautiane na dada Bint Hamisi. White anapendeza, lakini Uingereza yake haikuwahi kuwepo. Cornwell anakupeleka mwishoni mwa karne ya 5: Warumi wameshaondoka, Wasaksoni wanaimega nchi kutokea mashariki. Arthur si mfalme. Ni mtoto wa nje wa mfalme Uther, amirijeshi aliyeapa kumlindia mtoto Mordred kiti chake mpaka akue. Mordred anakua mtu mwovu, na Arthur hataki kuvunja kiapo. Msiba wote unatokea hapo. Kwenye mapigano, watu wamebanana ngao kwa ngao, wamelewa kwanza ili wapate ujasiri wa kusogea.

Ila kilichonishika zaidi ni msimulizi. Derfel, askari wa Arthur, amezeeka, amepoteza kiganja, sasa ni mtawa. Anaandika kwa Kisaksoni na kumdanganya askofu wake kwamba anatafsiri Injili. Malkia kijana Igraine, anayemwezesha kuandika, kila akija anataka Lancelot awe shujaa kama alivyomsikia kwenye nyimbo. Derfel anashikilia kwamba alikuwa mwoga, na kwamba sifa zake zilitungwa na washairi wa nyumbani kwao. Unaiona ngano ikizaliwa huku shahidi akiwa bado hai!

Msomaji wa Usiku
Lancelot mwoga? Si ndiyo kuivunja ngano hiyo?

Mzee wa Maktaba
Ndugu yangu, ngano hii haijawahi kuwa na umbo moja la kuvunjwa. Katika *Historia Brittonum* ya karne ya 9, Arthur ni kiongozi wa vita tu, ametajiwa mapambano 12. Geoffrey wa Monmouth, karibu mwaka 1136, ndiye aliyemfanya mfalme mkuu. Meza ya Mviringo tunaipata kwa mshairi Wace mwaka 1155. Mapenzi ya Lancelot na malkia yaliletwa na Mfaransa Chrétien de Troyes baadaye katika karne hiyo. Kwa hiyo usiwapime hawa wanne kwa uasilia. Tazama nani amepewa nafasi ya kusema, maana hapo ndipo kila mmoja anapobadilisha mambo.

Mama Tatu
Na kwa kipimo hicho Bradley anawashinda wote. Kwa Malory, Morgan le Fay anaiba ala ya Excalibur, upanga wa Arthur, na kutaka kaka yake auawe, basi, chuki yake haina mizizi. Bradley amempa huyohuyo, kwake akiitwa Morgaine, utoto, ukuhani, na mama mkubwa, Viviane, anayeongoza kisiwa kitakatifu cha Avalon wakati dini yao inakufa. Viviane ndiye anayewapanga Morgaine na Arthur wakutane kwenye ibada bila kutambuana, na Mordred anapatikana hapo. Kwa Malory, kuzaliwa kwa Mordred ni kosa la Arthur. Kwa Bradley ni watoto waliotumiwa na wakubwa wao, na hilo limebadilisha kabisa ninavyomsoma Mordred.

Kasoro ipo. Kitabu kinachowapa wanawake sauti kimemnyima Gwenhwyfar (Guinevere, mke wa Arthur) ya kwake. Anaogopa mpaka uwanja wazi, na uchaji wake umechorwa kwa ukali bila huruma. Pia ni kirefu mno katikati.

Kiboko ya Riwaya
Stewart naye ni mzuri kwa anayempenda Merlin, maana Merlin ndiye anayesimulia. Hata jiwe la Stonehenge, lile duara la mawe ya kale, linainuliwa kwa hesabu na kamba, si kwa uchawi. Ila kitabu cha kwanza kinaisha Arthur hajazaliwa. Kama unamtaka Arthur, si hicho.

Mdau wa Ziwani
Naongeza cha tano: *The Buried Giant* ya Kazuo Ishiguro (2015). Arthur ameshakufa, Gawain, shujaa wake wa zamani, ni mzee, na pumzi ya joka imewasahaulisha watu mauaji ambayo Arthur aliwafanyia Wasaksoni. Amani ipo kwa sababu hakuna anayekumbuka. Wazee wawili wanamtafuta mwana wao, na kadiri kumbukumbu zinavyorudi ndivyo vita vinavyokaribia. Hakuna kati ya wale wanne aliyethubutu kumuuliza Arthur kuhusu waliouawa na upande wake.

Msomaji wa Usiku
Asanteni sana. Nachukua Cornwell, kwa ajili ya Derfel na yule malkia. Ishiguro atafuata, White nitamwazima.

Kiboko ya Riwaya
Fuata mpangilio huu: *The Winter King*, *Enemy of God* (1996), kisha *Excalibur* (1997). Usiruke cha kati, maana ndicho kinachomweleza Guinevere.