Mgonjwa wa akili akitoka emajensi, nani anamfuata?

Mzee wa Kireka: Kijana wa jirani yetu alikunywa sumu. Hospitali ya serikali hapa Uganda ikamwosha tumbo, ikamtundikia dripu, siku ya tatu wakamwambia nenda nyumbani. Kwenye daftari lake la shule (si ndiyo faili letu hilo) daktari kaandika mstari mmoja tu: aonwe kliniki ya akili. Ipi? Siku gani? Kimya. Nauliza, hospitali ilazimishwe kumkabidhi mgonjwa kama huyu kwa mtu wa kumfuatilia kabla ya kumruhusu, au hiyo ni kazi ya ndugu? Mimi nasema hospitali.

Nesi wa Zamu: Shikamoo mzee. Hiyo "hospitali" usiku ni mimi na mwenzangu mmoja. Vijana wa boda wamejaa hadi kwenye korido, miguu imevunjika, kofia hawavai, nusu yao wamelewa. Nikikaa na mtu wa mawazo nusu saa, yule anayevuja damu atanifia. Kitengo cha afya ya akili tunacho kama hospitali nyingine za rufaa za mikoa, ila kwetu jioni mlango umefungwa.

Boda Kalerwe: Nusu yao wamelewa? Dada, heshima kidogo. Hao wa sumu saa nane za usiku wanaletwa na nani, ambulensi? Nimembeba mmoja, mama yake kamshika kwa nyuma asianguke, nauli nikaambiwa Mungu atakulipa. Leo sisi walevi!

Mama Shifa, Arua: Kaka tulia, hajakutaja wewe. Huku ndugu wanachana ule ukurasa wenye neno sumu kabla hawajafika getini, wakiogopa askari. Siku ya kliniki mgonjwa anafika na daftari jeupe. Unaumwa nini? Malaria.

Mpakani Busia: Sisi upande wa Kenya, Mahakama Kuu ilishasema Januari 2025 kwamba kumshtaki aliyejaribu kujiua ni kinyume cha katiba. Nyinyi bado mnawasubiri na pingu, halafu mnashangaa hawarudi kliniki.

Wakili Mtarajiwa: Ssebo, usitufundishe. Kwenu imeondolewa na jaji, bunge lenu lilikuwa limelala. Lakini ni kweli, Kanuni ya Adhabu yetu bado inaliita kosa. Tukapitisha Sheria ya Afya ya Akili ya 2018, ikafuta ile ya zamani, na hilo la kujiua tukaliacha palepale.

Mpakani Busia: Kwa hiyo nimesema uongo wapi?

Kaka Mbarara: Turudi kwa mzee. Kuna utafiti wa Shirika la Afya Duniani, 2008 kama sikosei, nchi nne au tano. Wagonjwa waliofika emajensi baada ya kujaribu kujiua walizungumzwa nao saa nzima kabla ya kutoka, kisha wakapigiwa simu au kutembelewa kwa miezi 18. Waliokufa kwa kujiua walikuwa wachache sana kuliko wale walioachwa na huduma ya kawaida.

Wakili Mtarajiwa: Tano. Brazil, India, Sri Lanka, Iran na China. Uganda haimo.

Kaka Mbarara: Na wewe unadhani simu ya Mganda haiiti?

Mlokole wa Ntinda: Wapelekwe hospitali ya akili ya Butabika wote, yaishe.

Mama Shifa, Arua: Butabika ya vitanda 550 inayofurika kila mwaka? Tena mtu atoke Arua mpaka Kampala, akapate dawa za mwezi mmoja, na mwezi ujao apande basi tena? Hata hao Butabika wenyewe, pamoja na wenzao wa hospitali za East London, Uingereza, walishawafundisha watu waliowahi kulazwa pale wawatembelee wagonjwa majumbani. Maana yake wanajua dawa peke yake haimfikishi mtu popote.

Boda Kalerwe: Bado hakuna aliyejibu habari ya ulevi.

Nesi wa Zamu: Kofia yako iko wapi sasa hivi? Imening'inia kwenye usukani.

Boda Kalerwe: Abiria hataki kuivaa, anasema inanuka! Nimfunge kamba?

Mzee wa Kireka: Wanangu, kofia ifungulieni mjadala wake. Kama manesi ni wawili, basi wahudumu wa afya wa kijiji, hao VHT, wapewe majina ya wagonjwa wapite nyumbani.

Mama Shifa, Arua: VHT wa kwetu ni jirani yangu, mzee. Anajitolea, mshahara hana, na kila jambo linalomfikia linafika kisimani kabla ya jua kuzama. Mwanangu akinywa sumu nitampa jina la uongo.

Kaka Mbarara: Nesi basi apige simu. Dakika tano tu.

Nesi wa Zamu: Kwa muda wa maongezi wa nani? Yule binti aliyeletwa Pasaka nilimpigia kwa simu yangu mpaka akafika kliniki. Sasa namba yangu anayo ukoo mzima, na jana shangazi yake kanipigia kuuliza dawa ya mbuzi.

Boda Kalerwe: Mpe namba yangu, nitampeleka daktari wa mbuzi. Nauli mbele.